Mjomba wa Mji Mdogo na Wafiwa Wasiorithi

Kifo cha mtu ambaye mji mzima ulimwita mjomba huibua swali ambalo sheria ya mirathi hailijibu, na ambalo shughuli za mazishi, kwa jinsi zinavyobanwa na saa, hazina nafasi ya kuliuliza, nalo ni swali la nani hasa amefiwa. Mjane anajulikana, watoto wanajulikana, ndugu wa damu wanajulikana, na likizuka shauri mahakama ya mwanzo inao utaratibu wa kuwatambua mmoja mmoja kwa majina na kwa ushahidi. Lakini kijana aliyelipiwa karo akamaliza shule, mvuvi aliyekopeshwa nyuzi za kushonea nyavu msimu ambao bahari ilimnyima, na mume na mke waliopatanishwa usiku wakarudi nyumbani bila majirani kujua, hao hawamo katika orodha yoyote. Mazungumzo haya yanawahusu watu hao, na hoja yake ni kwamba kumbukumbu ya mjomba wa mji mdogo imo vifuani mwa watu wasiomrithi, ilhali njia karibu zote za kumkumbuka zimekabidhiwa wanaomrithi. Mji utakaotolewa mfano ni Pangani, kusini mwa Tanga, mahali ambapo mto unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru unaingia Bahari ya Hindi, ingawa mengi yatakayosemwa yanaweza kusemwa pia kuhusu Kilwa Kivinje, Lamu au Bagamoyo.

Kwa maana yake ya kwanza, mjomba ni ndugu wa kiume wa mama, tofauti na ami, au baba mkubwa na baba mdogo kama wasemavyo wengine, ambaye ni ndugu wa kiume wa baba. Wanaanthropolojia, yaani wataalamu wanaochunguza maisha na mila za jamii za wanadamu, wamemwandika mjomba huyu kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1924 Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala kuhusu ndugu wa mama katika jamii za kusini mwa Afrika, akadai kwamba pale ambapo baba ndiye mwenye amri, mtoto huelekeza kwa mjomba ule upole alioujua kwa mama yake, hata akawa na ruhusa ya kumtania, kula chakula chake na kuchukua mali yake bila kuomba. Waliomfuata walimkosoa, na walikuwa na haki, kwa sababu hoja yake inaangalia upande mmoja tu. Katika jamii zinazohesabu ukoo kwa upande wa mama, kama vile Wazigua, Waluguru, Wakaguru, Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba si mtu wa kuchezewa hata kidogo, bali kwa desturi ndiye mwenye kauli juu ya wapwa wake, ndiye mwamuzi wa posa, na kwa taratibu za zamani mali yake iliwaendea wao badala ya watoto aliowazaa mwenyewe.

Pangani imekaa mahali ambapo wajomba wa aina hizo mbili wanakutana. Nyuma yake ni nchi ya Wazigua na Wabondei, kaskazini yake wako Wadigo na Wasegeju, na ndani ya mji wenyewe wamekaa kwa vizazi vingi watu wenye asili ya Kiarabu, ya Kihindi na ya bara ya mbali, waliounganishwa na dini ya Kiislamu, ambayo huhesabu nasaba kwa upande wa baba. Matokeo yake ni mjomba mwenye sura mbili kwa wakati mmoja, anayeombwa peremende na mtoto wa miaka sita na anayeogopwa na kijana wa miaka ishirini, na pengine hapo ndipo palipo siri ya mvuto wake, kwa kuwa neno la mtu aliyekwisha kukuchekesha huwa zito zaidi siku anapoamua kukukemea.

Sheria nayo imemweka mahali pa pekee. Katika mirathi ya Kiislamu, utaratibu wa kugawa mali ya marehemu hufuata hatua zinazojulikana: kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ambao ni agizo la marehemu kuhusu sehemu ya mali isiyozidi theluthi moja na ambao kwa kawaida hauwahusu warithi, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Wanaogawiwa ni wale waliotajiwa mafungu pamoja na asaba, yaani jamaa wa upande wa kiume wanaochukua salio. Mtoto wa dada hayumo katika makundi hayo mawili. Yeye na mjomba wake huhesabiwa kwa pamoja miongoni mwa dhawu al-arham, jamaa wa damu waliounganishwa kwa njia ya mwanamke, ambao nafasi yao ya kurithi, kwa mujibu wa wanazuoni wanaowatambua, haiji ila wenye haki ya kwanza wakikosekana. Kwa maneno mengine, mpwa hamtegemei mjomba kwa mirathi, na mjomba hamtegemei mpwa, na kile alichompa alipokuwa hai hakikuwa malipo ya awali ya haki yoyote. Waswahili husema kufa kufaana, na anayetaka kuona usemi huo ukitenda kazi na ahudhurie kikao cha kugawa minazi. Ila mpwa aliyekaa pembeni ya kikao hicho hana cha kufaana, na kwa sababu hiyo ushahidi wake kuhusu marehemu una thamani ambayo ushahidi wa mrithi hauwezi kuwa nayo.

Haikuwa hivyo siku zote wala kila mahali. Wadigo, kwa mfano, walikuwa wakirithishana kwa upande wa mama, na kuenea kwa Uislamu miongoni mwao kulileta mvutano mrefu kati ya mtoto wa marehemu na mpwa wake, mmoja akisimama na sheria ya dini na mwingine akisimama na mila. Mvutano huo ulipolegea, kwa kiasi kikubwa kwa ushindi wa mtoto, mjomba alibaki na heshima ya mamlaka aliyokuwa nayo bila mali ya kuyatia nguvu. Katika jamii kadhaa za pwani na za bara bado hutengwa kitu kwa ajili yake wakati wa posa, na bado anaulizwa kabla ya mpwa wa kike kuolewa, japokuwa walii, yaani msimamizi ambaye ndoa ya Kiislamu haifungwi bila idhini yake, hutoka upande wa baba. Anaulizwa kwa sababu ya desturi na mapenzi tu, na kila mtu anajua kwamba asipoulizwa hakuna sheria iliyovunjwa, jambo ambalo halimzuii mama wa bibi harusi kununa mwaka mzima.

Ni kwa njia gani basi mjomba wa watu wachache hugeuka kuwa mjomba wa mji? Historia ya Pangani inatoa sehemu ya jibu. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu iliyopanda kufuata bonde la mto kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, na matajiri wake, kama alivyoonyesha mwanahistoria Jonathon Glassman katika kitabu chake cha 1995 kuhusu karamu na ghasia za pwani, walishindana kwa ukarimu, kwa kuwa jina kubwa lilinunuliwa kwa kulisha watu. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa hapo Pangani mwezi Desemba 1889. Baada yake Wajerumani walijenga bandari na reli huko Tanga, kazi ya reli ikaanza 1893, na biashara ikahama pamoja nayo. Pangani haikufa, lakini ilibaki mji wa minazi, mkonge, uvuvi na kivuko cha kwenda ng'ambo ya Bweni, na tangu hapo imekuwa ikiwatoa vijana wake kwenda Tanga, Dar es Salaam, Unguja na wengine hata Maskati.

Mji unaotoa watu wake huhitaji mtu wa kubaki. Mjomba wa mji mdogo, katika hali nyingi, ndiye huyo aliyebaki, na kubaki kwake hakukuwa kushindwa kama wanavyodhani wanaokwenda mijini, bali kulikuwa kazi isiyo na mshahara. Anazo funguo za nyumba za waliosafiri, anajua mpaka wa shamba umepita mnazi upi, anakumbuka kaburi la bibi ya fulani liko upande gani wa mbuyu, na hupokea mgeni anayeshuka kwenye basi akiulizia watu ambao yeye peke yake ndiye aliyewahi kuwajua. Huwa mshenga, yaani mpatanishi anayetumwa na upande wa mume kupeleka posa, na aliyepeleka posa haachwi hapo, kwa maana ndoa ikitikisika huitwa yeye kwanza. Jioni hukaa barazani, kwenye ile benchi ya mawe au saruji iliyojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba za Waswahili, na hapo kahawa, bao na dhumna hufanya kazi ya mahakama ndogo, kwa sababu ugomvi mwingi huletwa kwa njia ya kupita-pita tu, mlalamikaji akijifanya amekuja kuangalia mchezo. Akiwa na duka, daftari lake la mikopo huwa na majina mengi kuliko daftari la mwenyekiti wa mtaa.

Hapo ndipo ujomba unapochanganyika na urafiki, na kuvitenganisha si rahisi. Mtu humwamkia kwa heshima ya mzazi, kisha baada ya dakika mbili anamsimulia mambo asiyoweza kumweleza baba yake. Urafiki wa mtu mzima na kijana, ambao katika miji mikubwa huonekana kama jambo la kutiliwa shaka au la bahati nasibu, katika mji mdogo umepewa jina la kindugu lenye adabu yake, na jina hilo linawalinda wote wawili.

Zamani mtu wa namna hiyo alipofariki, habari zake zilipita redioni. Utangazaji wa redio kwa Kiswahili nchini Tanganyika ulianza na Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, na chombo hicho, baada ya kubadilika mara kadhaa, kilikuja kuwa Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa vizazi viwili hivi matangazo ya vifo yalikuwa miongoni mwa vipindi vilivyosikilizwa kwa makini kuliko vyote, kiasi kwamba watoto waliokuwa wakicheza uani walinyamazishwa yanapoanza. Tanzia, yaani tangazo la kifo, ilikuwa na muundo usiobadilika: nani anasikitika kutangaza, kifo cha nani, kilichotokea wapi na lini, mazishi yatafanyika wapi, na mwishoni habari hizo ziwafikie akina fulani wa mahali fulani. Msikilizaji wa kawaida aliisikia sehemu hiyo ya mwisho kama mlolongo wa majina tu, lakini kwa anayetaka kuelewa maisha ya mtu wa mji mdogo, hiyo ndiyo sehemu yenye elimu kubwa zaidi.

Orodha ya wanaofikiwa na habari ni ramani. Tanzia ya mjomba wa Pangani ingeweza kutaja jamaa wa Muheza na Korogwe, kisha mtu wa bandarini Tanga, kisha mtu wa Wete au Mkoani kisiwani Pemba, kisha mwalimu aliyehamishiwa Kigoma, na mtu anayefahamu historia ya mwambao angesoma humo safari za majahazi, kazi za mkonge zilizowaleta watu kutoka mbali, na uhamisho wa watumishi wa serikali. Mpangilio wake pia ulikuwa na maana, kwa sababu waliotangulia walikuwa watoto na ndugu wa baba, na wapwa walikuja baadaye kama wapo, na marafiki wakamezwa na maneno ya jumla yanayowataja ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Tangazo lililipiwa, na anayelipa hupunguza. Kilichopunguzwa kilikuwa aghalabu ndicho kile ambacho mji ungetaka kukisikia. Hata hivyo haifai kulilaumu tangazo, ambalo halikukusudiwa kuwa wasifu, na lilifanya kazi yake ya kuwahi maziko vizuri kuliko chombo chochote cha wakati wake.

Siku ya maziko yenyewe ina haraka inayotokana na dini. Mwislamu huzikwa mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku ileile. Mwili huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa, na hubebwa kwenye jeneza mabegani mwa watu wanaopokezana njiani hadi makaburini. Kabla ya kusaliwa au kabla ya kuzikwa, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa warithi, na anayedaiwa naye afanye vivyo hivyo. Tangazo hilo fupi ni la kisheria, kwa vile deni hutangulia mirathi, lakini kwa mjomba wa mji mdogo lina kisa kingine ndani yake. Wanaomdai huwa wachache na hujitokeza. Wanaodaiwa naye huwa wengi, na wengi wao hawajui kama bado wanadaiwa, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuufuta mkopo bila kumwambia aliyekopa, na daftari alilolifuta kwa kalamu halina mahali pa kuandika sababu. Laiti mmoja kati ya kumi wa watu hao angesimama pale pale akasema alichosamehewa, mji ungepata taarifa kamili kuliko hotuba zote za siku hiyo.

Baada ya maziko huwekwa matanga, yaani siku za kukaa pamoja msibani, kwa kawaida tatu au zaidi, wanaume wakikaa nje juu ya majamvi na wanawake ndani na uani, kisha husomwa hitima, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu, na baadhi ya familia hurudia kisomo siku ya arobaini. Wapo Waislamu wasioafiki baadhi ya shughuli hizi kwa hoja za kidini, na wapo Wakristo katika mji huohuo wenye ibada na taratibu zao, lakini kukaa msibani ni kwa wote. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliyaeleza mambo ya maziko na matanga kwa namna ambayo mtu wa leo angeyatambua mengi bila msaada. Jambo ambalo vitabu hulipita haraka ni kwamba nusu ya kumbukumbu za msibani husimuliwa jikoni. Wanawake wa Kiislamu kwa desturi hawafuati jeneza, na wakati wanaume wako makaburini wao wanapika, wanaosha vyombo na wanazungumza, na dada wa marehemu, ambaye bila yeye marehemu asingekuwa mjomba wa mtu yeyote, yuko humo. Anayetaka kujua mjomba alikuwa mtoto wa namna gani, aliiba maembe ya nani na alimkimbia nani siku ya jando, hatayapata kwenye jamvi la wanaume.

Kuna pia mtani. Utani ni uhusiano unaotambuliwa na jamii, kati ya kabila na kabila, ukoo na ukoo, au jamaa na jamaa kama vile mabinamu na babu na mjukuu, unaowaruhusu wahusika kukejeliana na kunyang'anyana vitu bila mtu kukasirika, na unaowawajibisha kusaidiana kwenye shida, hasa msibani. Baadhi ya utani ulizaliwa na vita vilivyokwisha kwa suluhu, na mwingine, kama ule wa Wanyamwezi na Wasukuma na watu wa pwani, unahusishwa na njia za misafara. Mmoja wa watu wa kwanza kuuandika kwa utaratibu alikuwa R. E. Moreau, ambaye, la kushangaza kidogo, alikuwa mtaalamu wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, si mbali na Pangani, na aliyechapisha makala zake kuhusu utani mwanzoni mwa miaka ya 1940. Radcliffe-Brown naye aliuandikia nadharia wakati huohuo. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya tafiti nyingi juu yake, lakini wananchi hawakuhitaji tafiti ili kuutumia.

Msibani mtani hufanya yasiyofanywa na mwingine yeyote. Anaweza kuzuia kaburi lisichimbwe hadi alipwe, kulala kwenye nafasi ya marehemu, kuvaa kofia yake, kuigiza mwendo wake na kikohozi chake, kutangaza ubahili wake, na kumkumbusha kila mtu namna alivyokuwa akihesabu chenji mara tatu. Wageni hushtuka na wenyeji hucheka huku machozi yakiwatoka. Ipo sababu ya kuichukua kazi hiyo kwa uzito. Adabu ya kawaida, na mafundisho ya dini pia, huwataka waliobaki wataje mema ya marehemu na wanyamazie mengine, na adabu hiyo ni njema, ila ikiachwa peke yake huzaa marehemu wanaofanana wote, wapole wote, wacheshi wote, wapenda watu wote. Mtani peke yake ndiye mwenye leseni ya kumrudisha marehemu katika umbo lake, na mjomba aliyependwa sana ndiye hasa anayehitaji huduma hiyo, kwa kuwa mapenzi hufuta alama za uso haraka kuliko chuki. Kwa bahati mbaya katika miji mingi watani wamebaki na kipande cha kuomba fedha tu, na uigizaji wenyewe unapungua.

Nafasi yao imechukuliwa na wasifu wa marehemu unaosomwa kwenye karatasi. Kwa watumishi wa umma na katika ibada nyingi za Kikristo wasifu huo ni wa lazima, na sasa umeingia hata katika shughuli za watu wasio na cheo. Muundo wake umetokana na faili la ajira: alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, aliajiriwa, alioa, alipata watoto kadhaa, alianza kuugua, alipelekwa hospitali hii, akahamishiwa ile, akafariki saa fulani. Wasifu wa namna hiyo mara nyingi hutumia maneno mengi zaidi kwa ugonjwa wa wiki sita kuliko kwa maisha ya miaka sabini. Mjomba wa mji mdogo huathirika kuliko wengine, maana kama hakuajiriwa na hakusoma sana, karatasi yake huisha kabla msomaji hajatulia, na mgeni aliyesimama nyuma huondoka akidhani amezikwa mtu aliyeishi bila kufanya jambo.

Lugha ya Kiswahili haina udhuru katika hili, kwa sababu ina mfano bora na mfano huo unahusiana na pwani hiihii. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alianza maisha ya kazi kama karani wa forodha, na Pangani ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Mtu huyo, alipotaka kuandika wasifu, hakumchagua sultani wala gavana, bali alimwandika Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya watu maskini, aliyeuza vyungu kabla sauti yake haijamfikisha kwenye sahani za santuri, na aliyefariki mwaka 1950. Katika kitabu hicho cheo hakikuwa sharti la kuandikwa. Alipofiwa na mkewe Amina alimwombolezea kwa shairi lenye jina lake, na katika maandishi kuhusu maisha yake mwenyewe hakuona haya kueleza mambo ya nyumbani. Waandishi wa wasifu wa misibani wangeweza kujifunza kwake kwamba tendo moja lililoelezwa vizuri lina nguvu kuliko sifa kumi zilizotajwa kwa mkupuo.

Simu za mkononi zimebadilisha msiba kwa kasi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo rambirambi, ambazo ni mchango wa fedha wa kuwapa pole wafiwa, hufika kutoka Mwanza au Maskati kabla kaburi halijachimbwa, huku makundi ya mawasiliano yakichukua kazi ya tanzia ya redio. Vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo ni vikundi vya majirani wanaochangiana gharama za misiba, vimepata daftari lisiloliwa na mchwa. Faida ni kubwa na haina haja ya kubishaniwa. Lakini kundi la msiba huandika kiasi alichotoa mtu na haliandiki kwa nini alitoa, na huvunjwa mara tu hesabu zinapofungwa. Kwa siku chache mji wote, waliobaki na waliotawanyika, umekuwa mahali pamoja kama haujawahi kuwa tangu marehemu alipokuwa mtoto, na nafasi hiyo hutumika kutuma picha za mishumaa.

Kinachotakiwa si kigumu. Familia inayofiwa na mtu wa namna hii imteue mmoja, na heri awe mpwa kuliko mtoto, kwa kuwa hana fungu la kulitetea, akae na daftari au simu ya kurekodia kwa siku zote za matanga. Aanze jikoni kwa dada wa marehemu na rika lake. Awaulize waliokopeshwa, waliopatanishwa, waliofundishwa kushona tanga au kupima mchele, na amwache mtani aseme mpaka mwisho bila kumkatiza. Aandike majina ya mahali, miaka inayokumbukwa na maneno aliyopenda kuyasema marehemu, pamoja na makosa yake, kisha nakala ziwekwe kwa familia, kwa shule ya jirani, na kwenye redio ya jamii kama ipo, kwa maana redio iliyotangaza vifo kwa miaka yote hiyo ina uwezo uleule wa kutangaza maisha. Wasikilizaji ambao msiba bado mbichi majumbani mwao wanaombwa wasiingoje arobaini, kwa sababu wengi wa mashahidi hao ni wazee, na baadhi yao watapanda basi kurudi makwao kesho asubuhi.